Jinsi Watoto wa Mbwa Wanavyopimwa Ulingoni, Miezi 4 hadi 18

Katika maonyesho ya mbwa, kila aina ina kiwango chake kilichoandikwa: umbo la kichwa, kimo cha mabegani, namna meno yanavyokutana, rangi ya manyoya, jinsi mbwa anavyokwenda. Kiwango hicho kinamweleza mbwa aliyekomaa. Ugumu wa kuhukumu watoto wa mbwa unaanzia hapo, maana anayesimama mbele ya jaji bado hajafika kule maandishi yanakomweleza, na kila wiki anabadilika. Jaji anayejua kazi hakisii atakuwa nani baada ya mwaka. Anamtazama alivyo leo, kisha anajiuliza: hiki ninachokiona ni halali kwa umri huu?

Swali hilo moja ndilo linalotenganisha kasoro inayopita na kasoro inayobaki. Ukilishika, utaelewa kwa nini mbwa wako ameshinda au ameshindwa, na utajua umri gani umpeleke na umri gani umwache nyumbani.

Kwanza hesabu umri sawasawa

Makundi ya umri hayafanani kila mahali. Chini ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao yake Thuin, Ubelgiji, kundi la wadogo kabisa ni la miezi 4 hadi 6, linafuatwa na la watoto wa miezi 6 hadi 9, halafu vijana wa miezi 9 hadi 18. Marekani, kwa chama cha mbwa cha American Kennel Club au AKC, kundi la watoto hugawanywa mara mbili, miezi 6 hadi 9 na 9 hadi 12, kisha lipo la miezi 12 hadi 18. Wa miezi 4 hadi 6 wana shindano lao la wanaoanza, lisilotoa pointi za ubingwa. Uingereza makundi yanalaliana: la watoto wadogo ni miezi 6 hadi 9, la watoto ni 6 hadi 12, la vijana ni 6 hadi 18. Kwa hiyo mtoto wa miezi 7 anaweza kuandikishwa katika lolote kati ya hayo matatu. Wanaoanza huvutiwa na kundi la vijana kwa kudhani lina heshima zaidi. Usifanye hivyo. Mtoto wa miezi 7 aliyesimama kando ya mbwa wa miezi 17 huonekana mwembamba na mlegevu hata akiwa mzuri kuliko wote.

Kosa la kawaida kabisa ni kuhesabu umri wa siku ya kujaza fomu. Unaohesabiwa ni umri wa siku ya maonyesho, na kwa AKC na Uingereza, maonyesho yakichukua siku kadhaa, ni siku ya kwanza ya maonyesho hata kama mbwa wako anaingia siku ya tatu. AKC wameliweka wazi kwa mfano katika kanuni zao: mbwa aliyezaliwa Januari 1 anaweza kuingia kundi la watoto kuanzia maonyesho yanayoanza Julai 1 mwaka huohuo hadi yale yanayoanza Desemba 31. Yakianza Januari 1 ya mwaka unaofuata, hana ruhusa tena. Usajili hufungwa siku nyingi kabla, kwa hiyo andika tarehe ya kuzaliwa na ya maonyesho kwenye karatasi moja, uhesabu miezi kwa vidole, kisha ndipo ujaze fomu.

Sakafu ya miezi 4 ina sababu ya kiafya. Chanjo za utotoni kwa kawaida hukamilika karibu na wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa aghalabu hutolewa kuanzia wiki ya 12 na huhitaji wiki kama tatu kabla ya kuhesabika. Ukumbi wenye mbwa mamia ni mahali rahisi pa kuokota pavo, ugonjwa wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa hadi kuwaua. Mtoto ambaye hajakamilisha chanjo asifike pale hata kwa kubebwa mkononi kama mtazamaji.

Anachoshindania

Hapa nchi zinatofautiana sana, na tofauti hiyo hubadilisha hata namna jaji anavyomtazama mtoto.

Chini ya FCI, watoto wa chini ya miezi 9 hawapewi daraja la "bora sana" au "nzuri sana" kama wakubwa. Wana ngazi zao tatu: anatia matumaini sana, anatia matumaini, na anatia matumaini kiasi. Hawashindanii cheti cha ubingwa wa kimataifa wala ubora wa aina nzima. Mashindano yao huishia kwa mtoto bora wa aina yake, kisha mtoto bora wa maonyesho yote. Akifika miezi 9 anaingia kundi la vijana, na mshindi wa vijana anaruhusiwa kukutana na wakubwa kuwania ubora wa aina. Ndiyo maana mtoto aliyepata "anatia matumaini sana" mfululizo anaweza kushtuka anapopewa "nzuri sana" tu akiwa na miezi 10. Hakuharibika. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Marekani mshindi wa kundi la watoto huingia moja kwa moja na washindi wa makundi mengine ya jinsia yake kuwania pointi. Ubingwa unahitaji pointi 15, zikiwemo ushindi mkubwa (wa pointi tatu au zaidi kwa mara moja) mara mbili chini ya majaji tofauti, na mtoto anaweza kuzikamilisha kabla hajafika mwaka. Uingereza mtoto anaweza kushinda cheti cha ubingwa, lakini kati ya vyeti vitatu vinavyohitajika, angalau kimoja lazima apate akiwa amepita miezi 12. Kanuni hiyo naiona ya busara mno. Inampa haki mtoto mzuri, na bado inamtaka athibitishe kwamba alikomaa vyema.

Rangi za utepe nazo zinachanganya: Marekani wa kwanza hupewa buluu na wa pili nyekundu, Uingereza ni kinyume. Ukiona picha ya mtoto wa mbwa na utepe mwekundu, uliza kwanza ni ya nchi gani.

Dakika mbili au tatu za jaji

Watoto ndio huitwa mwanzo, na madume hutangulia majike. Aina ya mbwa wako ikiwa ya kwanza kwenye ratiba ya asubuhi, mtoto wako huenda akawa mbwa wa kwanza kuingia ulingoni siku hiyo. Fika saa moja na nusu kabla. Apate kujisaidia, kunusa mazingira na kulala.

Wote huingia kwa mstari na kuzunguka ulingo mara moja. Mzunguko huu ni wa jaji kuona umbo la jumla, na kwa watoto ni wa kuwatoa woga. Kisha kila mmoja anakaguliwa peke yake, wadogo juu ya meza, wakubwa chini. Jaji huja kwa mbele, hutoa mkono anuswe, hushika kichwa, hutazama meno, hushuka na viganja kwenye shingo, mabega, mbavu, mgongo, kiuno, mapaja, na kwa madume hugusa korodani. Baada ya hapo mtoto huenda na kurudi kwa mstari ulionyooka au kwa pembetatu, kisha huzunguka ili aonekane ubavuni. Mwisho wote husimama tena, jaji hulinganisha na kuchagua.

Mtoto akiruka au akigeuka kucheza na kamba, jaji mwenye subira humpa nafasi ya pili. Hiyo ni haki ya umri wake, na hakuna anayepunguziwa alama kwa kuwa na furaha. Ila jaji hawezi kutoa maksi kwa mwendo ambao hakuuona. Mtoto akienda mchakamchaka hatua nane tu zilizonyooka, wakati mwingine zinatosha. Asipokwenda hata nne, jaji hana cha kuandika.

Miezi 4 hadi 6: kinywa na tabia

Katika umri huu mtoto yuko katikati ya kung'oa meno. Ya utotoni ni 28 na ya ukubwani ni 42. Meno ya mbele hubadilika kati ya miezi 3 na 5, chonge karibu na miezi 5 hadi 7, na magego ya nyuma hukamilika kufikia miezi 7 hivi. Kwa hiyo jaji haangalii idadi. Anaangalia taya: je, la juu na la chini yamekutana kwa upana na urefu unaofaa kwa aina hiyo?

Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wenye uzoefu wanalijua na wanunuzi hawalijui. Taya la chini mara nyingi huendelea kukua baada ya la juu kutulia. Kwa aina zinazotakiwa kukutana kama mkasi, yaani meno ya juu yapite mbele kidogo ya ya chini huku yakigusana, mtoto ambaye taya la juu limezidi kwa unene wa punje ya mchele bado anaweza kujirekebisha. Yule ambaye taya la chini tayari limetangulia, uwezekano mkubwa litazidi kutangulia. Jaji aliyewaona wawili hao huwatofautisha ingawa ukubwa wa kosa ni sawa.

Ufizi unauma wakati huu. Acha kabisa michezo ya kuvutana kwa kitambaa, na usiruhusu kila mpita njia ajaribu kumfungua kinywa. Mtoto aliyeumizwa kinywani akiwa na miezi 5 hukumbuka mkono wa jaji hadi akiwa na miaka 2. Mwambie jaji kwa sauti ya kawaida kwamba anang'oa meno na uombe umwonyeshe mwenyewe: kidole gumba na cha shahada vinainua midomo mbele, halafu ubavu mmoja, halafu wa pili, bila kufunika macho wala pua. Taya libaki limefungwa. Wengi hukosea hapo, wanafungua kinywa wazi, na mkutano wa meno hauonekani tena.

Kagua mwenyewe nyumbani kila wiki. Chonge mpya ikichomoza na ya zamani bado ipo, hasa kwa aina ndogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema. Mahali pa jino moja hapawi pa mawili, na ya zamani huisukuma mpya ikaota kombo. Chonge za chini zikigusa kaakaa la juu, usingoje hata wiki.

Masikio nayo hayatabiriki. German Shepherd aliyesimamisha masikio akiwa na wiki 14 anaweza kuyaangusha yote mawili akiwa na miezi 5 na kuyainua tena meno yakitulia. Usimwongezee kalisi kwa kudhani utayasimamisha. Chakula kamili cha watoto tayari kina ya kutosha, na kwa mbwa wa aina kubwa ziada yake huharibu ukuaji wa mifupa.

Jambo linalopimwa kwa uzito kuliko yote katika umri huu ni tabia. Jaji anatazama mtoto anapokutana na kitu kigeni: anarudi nyuma kidogo kisha anasogea kunusa, au anajikunja na kukataa kurudi? Wa kwanza ni wa kawaida. Wa pili hatapewa adhabu kubwa akiwa na miezi 5, lakini itaandikwa.

Miezi 6 hadi 9: miguu mirefu na mgongo usionyooka

Huu ndio umri mgumu, na ndio wenye makosa mengi ya hukumu. Mbwa hakui kwa usawa. Nyuma hupanda kwanza, mbele hufuata, kisha nyuma tena. Mtoto aliyekuwa na uwiano mzuri wiki iliyopita leo makalio yamepita mabega kwa sentimeta mbili na mgongo unateremka kuelekea kichwani. Subiri wiki tatu.

Kifua hushuka mwisho. Kabla hakijashuka na kujaa katikati ya viwiko, miguu ya mbele haina kitu cha kuegemea, kwa hiyo viwiko huchezacheza na nyayo hugeuka nje kidogo. Kwa mbwa wa aina kubwa hili ni la kawaida kabisa na jaji mzuri hulisamehe. Kinachomsaidia kutofautisha ni mkono: akisukuma kiwiko taratibu na mguu ukanyooka, ni ulegevu wa umri. Mguu ukikaa vilevile kwa sababu mfupa wenyewe umepinda, muda hautausaidia.

Nyuma kuna mtihani kama huo. Visigino vinavyokaribiana mtoto anaposimama ovyo, lakini vinakwenda sambamba anapokimbia, ni misuli ambayo bado haijakaza. Vikigusana akisimama na akikimbia, hiyo ni kasoro.

Yapo mambo ambayo umri hauyagusi, na jaji huyashikilia hata kwa mtoto wa miezi 6. Mlalo wa mfupa wa bega na urefu wa mfupa wa juu wa mguu wa mbele. Mahali mkia ulipoota. Mteremko wa nyonga. Uwiano wa pua na fuvu, ingawa kichwa kizima kitapanuka. Urefu wa kiuno ukilinganishwa na mbavu. Ukitaka kuchagua yupi kati ya watoto wawili umpeleke maonyesho, anza na orodha hii na uache kifua, misuli na manyoya. Hivyo vitatu vitakuja.

Korodani ziwe zimeshuka zote mbili. Kwa kawaida huwa zimeshuka kufikia wiki ya 8 hivi, na dume lililofika miezi 6 bila zote mbili kushuka huhesabiwa kuwa na kasoro. AKC hawaruhusu dume la namna hiyo kushindana, na viwango vya Uingereza humalizia kwa kueleza kwamba dume liwe na korodani mbili zinazoonekana za kawaida, zilizoshuka kikamilifu mfukoni. Baridi au hofu huweza kuzivuta juu kwa muda kwa watoto wadogo, kwa hiyo mzoeshe kuguswa pale bila kushtuka, na usimsimamishe juu ya meza ya chuma tupu iliyopoa. Weka mkeka wa mpira.

Mwendo unaochanganya wengi ni ule wa miguu ya upande mmoja kwenda pamoja, kama ngamia. Mtoto aliyechoka, au ambaye makalio yamepanda, huuchukua ili miguu ya nyuma isigonge ya mbele. Jaji hatauhesabu kuwa mchakamchaka. Dawa yake ni ndogo: simama, geuza kichwa chake kidogo, anza hatua mbili haraka kuliko ulivyokuwa ukienda, kisha tulia kwenye mwendo unaotaka. Akirudia tena na tena, amechoka. Mpumzishe.

Miezi 9 hadi 12: aliyetangulia na aliyechelewa

Mbwa wa aina ndogo akiwa na miezi 10 hadi 12 karibu amemaliza kukua. Wa aina kubwa mno anaweza kuendelea hadi miezi 18 au 24. Kanuni zinawaweka wote katika kundi moja la umri, na aina zikikutana kumtafuta mtoto bora wa maonyesho, jaji analinganisha mbwa mdogo aliyekwisha kukomaa na jitu ambalo bado ni mtoto. Inahitaji jaji anayejua kila aina hukua vipi.

Viwango vyenyewe mahali pengine vimeliona hili. Kwa AKC, Irish Wolfhound dume anatakiwa kufika angalau inchi 32, kama sentimeta 81, na pauni 120, kama kilo 54, lakini vipimo hivyo vinahusu mbwa aliyepita miezi 18 tu. Kerry Blue Terrier huzaliwa mweusi na hupauka polepole hadi buluu ya kijivu. Kwa AKC mweusi mwili mzima haondolewi mpaka afike miezi 18, baada ya hapo anaondolewa. Yorkshire Terrier naye huzaliwa mweusi na kahawia, na rangi yake ya ukubwani huja taratibu. Kabla hujalalamika juu ya rangi au kimo, soma kiwango cha aina yako ukitafuta neno "umri".

Kishawishi kikubwa cha jaji katika kundi hili ni kumpa ushindi mtoto anayefanana na mbwa mkubwa. Kifua kimejaa, kichwa kipana, manyoya kamili: anavutia macho. Lakini mtoto wa miezi 9 mwenye kichwa cha miaka 2 mara nyingi atakuwa na kichwa kizito mno akifika miaka 2 yenyewe. Naamini kwa dhati kwamba mtoto anapaswa kuonekana mtoto, na majaji wengi ninaowaheshimu huandika "amekomaa mapema kwa umri wake" kama onyo wala si sifa. Kinyume chake ni kosa vilevile. Wembamba na ulegevu havigeuki kuwa ubora kwa sababu tu mbwa ni mchanga. Mifupa myepesi katika aina inayotakiwa kuwa na mifupa mizito haitanenepa kwa kusubiri.

Pia kuna pengo ndani ya kundi lenyewe. Kati ya miezi 6 na 9, mkubwa amemzidi mdogo kwa nusu ya maisha yake. Ndiyo maana majaji wengi huuliza umri wakifika mbele ya kila mtoto. Jibu kwa miezi, "saba na nusu", basi. Usitaje jina la mbwa, wazazi wake wala ushindi wake.

Mtoto mnene ni tatizo linalozuilika. Wamiliki hujaza uzito ili kifua kionekane kipana, na jaji akiweka viganja mbavuni anaona mara moja. Mafuta hulegeza mabega, huzidisha kuchezacheza kwa viwiko na huelemea viungo ambavyo bado ni laini. Mbavu zisionekane kwa macho, lakini zihisike kwa kugusa kidogo.

Miezi 12 hadi 18

Msamaha unapungua. Meno yote yahesabike, mgongo ushike mstari, mwendo uwe wake mwenyewe. Manyoya ya utoto yameondoka na ya ukubwani huenda hayajajaa, kwa hiyo aina zenye manyoya marefu huonekana vibaya miezi kadhaa. Majike huongezea hapo kupukutisha manyoya baada ya joto la kwanza (kipindi cha kutaka dume), ambalo kwa wengi huja kati ya miezi 6 na 12 na kwa aina kubwa huweza kuchelewa. Mbwa akiwa hana manyoya, mpumzishe maonyesho. Hakuna jaji atakayempa ushindi kwa manyoya aliyokuwa nayo mwaka jana.

Madume nayo huanza kubishana kwa macho. Acha nafasi ya mita mbili mbele yako kwenye mstari. Tabia ikigeuka kuwa ya kung'ata, FCI humtoa mbwa huyo bila kujali umri.

Maandalizi nyumbani

Anza wiki ya 8. Kila siku, sekunde chache tu: inua midomo, gusa masikio, pitisha mkono hadi miguu ya nyuma, mpe kipande kidogo cha nyama, acha. Meza, nusu dakika, mkono wako usimwachie kamwe, maana mtoto akianguka mara moja hatapenda meza tena. Kufikia wiki ya 12 watu wengine wafanye hayo: mwanamume mwenye ndevu, mwanamke mwenye kofia, mtu anayeinama polepole.

Kamba iwe legevu tangu siku ya kwanza. Ukimvuta shingo juu ili aonekane na kichwa kilichoinuka, miguu ya mbele hupoteza ardhi na mwendo wote huharibika, na jaji ataona viwiko vibaya ambavyo mbwa hana. Mazoezi ya kuzunguka yasizidi dakika tano. Ukiona anaanza kuchoka umeshachelewa, ulitakiwa uache alipokuwa bado anataka.

Kusimama tumia chambo mbele ya pua, si juu, kwani chambo kikiwa juu hukalisha mtoto. Miguu ya mbele iwe wima chini ya mabega, ya nyuma uifikishe pale ambapo kisigino kinasimama wima kutoka ardhini. Kunyoosha miguu ya nyuma mbali mno ni kosa la wengi wanaoficha mgongo uliopanda, na kunauonyesha zaidi. Sekunde kumi zinatosha mwanzoni.

Siku ya maonyesho mpe mlo mdogo saa tatu au nne kabla ya kuingia. Alale ndani ya kizimba chake kilichofunikwa, asibebwe kuzungushwa kwa watu. Mtoto wa miezi 5 ana nguvu ya dakika kumi nzuri kwa siku nzima. Ukizitumia kwenye maegesho, ulingoni utamwingiza mbwa aliyesinzia.

Akikaa chini katikati ya mwendo, usimvute. Piga hatua moja nyuma, mwite, ongoza tena. Akikataa mkono wa jaji, usimsukume mbele wala usimbembeleze kwa sauti ya huruma. Simama wima, tulia, mwombe jaji arudi kwake mwishoni. Wengi hukubali. Kati ya miezi 6 na 14 watoto wengi hupitia kipindi cha woga wa ghafla kwa vitu walivyokuwa wakivijua, na kumlazimisha siku hiyo hugharimu miezi ya kumrudisha.

Kusoma maandishi ya jaji

Chini ya FCI utapewa ripoti. "Anahitaji muda" maana yake jaji ameona mifupa iliyo sawa na mwili ambao haujajaa. "Mbele bado legevu" kwa miezi 7 ni hali, kwa miezi 16 ni kasoro. "Mwendo hautoshi kuhukumiwa" ni kazi yako nyumbani, si ya mbwa. Sentensi inayogusa bega, mkia au taya, iandike pembeni, na ukiikuta kwa majaji watatu tofauti, iamini.

Weka ripoti zote pamoja na picha ya ubavuni ya kila mwezi, mbwa amesimama mahali palepale, kamera ikiwa kimo cha kiwiko chake. Baada ya mwaka utaona kwa macho yako kipi kilihama na kipi hakikuhama, na mtoto wa uzao unaofuata kutoka kwa wazazi haohao utamjua mapema zaidi.